SHU YETU ILIKATAA KUTOA MAUA. JUU YA NINI?



Mwaka wa masomo uliopita mlitucheka sana, nasi tunakubali kwamba mlikuwa na haki ya kucheka. Kila siku mlipopita nyuma ya internati mliona mashu kumi na mbili yamesimama peke yake katika tuta. Yalikuwa makubwa kupita kiasi, mengine yamepasuka, mengine yameanza kuoza, na sisi tuko pale na jembe tunayapalilia. Mpishi alituomba tuyakate yaende jikoni, tukakataa. Mmoja wa darasa la pili alisema kwa sauti: "Hawa bakubwa banachunga mashu sawa vile banachunga mbuzi!" Neno hilo lilibaki, na mpaka leo wengine wanatuita wachungaji wa mashu.

Sasa tunataka kuwaeleza tulitafuta nini, tulikosa nini, na tulijifunza nini. Si kwa kujitetea tu. Wengi wetu tunasoma hapa kwa sababu mama zetu wanauza mboga. Kwa mtoto wa namna hiyo shu si chakula cha kunung'unikia katika chumba cha kulia. Ni minervali.

JINSI MAMBO YALIVYOANZA

Sisi wa kamati ya shamba tulifanya hesabu ya matumizi. Tuliona kwamba kila msimu shule inatoa falanga kununua kopo la mbegu ya shu, na kila msimu bei imepanda. Tukasema: maharagi tunaweka mbegu wenyewe, mahindi tunaweka wenyewe, lengalenga inajiotesha yenyewe hata bila kuombwa. Juu ya nini shu tu inunuliwe? Tuchague kumi na mbili zilizo nzuri zaidi, tusizikate, tungoje maua, kisha tukusanye mbegu.

Tulipanda katika mwezi wa kumi. Katika mwezi wa pili vichwa vilikuwa tayari. Tukangoja mwezi wa tatu, wa ine, wa tano. Hakuna ua hata moja.

Hapo tulifanya kosa kubwa. Tuliamua kwamba mbegu ilikuwa mbaya, na sisi watatu tukashuka soko kumgombeza mama aliyetuuzisha. Tulisema maneno makali mbele ya wanunuzi wake. Yeye alitungoja tumalize, kisha akajibu kwa upole: "Batoto yangu, hizi mbegu nikonauzisha tangu hamuyazaliwa. Shu inafunga kichwa muzuri, batu banakula. Lakini ua ya shu, mie mwenyewe siyayaona hata siku moya." Tulirudi kimya. Kumbe huyu mama alisema kweli tupu, na sisi wa biolojia hatukuwa na jibu.

Tulikwenda kwa mwalimu wetu. Hakututetea. Alituambia: "Mlitaka mtoto, lakini hamkuuliza kwanza mzazi ni nani." Akatupa kazi ya kuchunguza ukoo wa shu, na haya ndiyo tuliyopata.

1. UKOO WA SHU

Shu, ambayo majirani wengine wanaita kabichi au kabeji, wataalamu wanaiita Brassica oleracea. Ni ya jamaa kubwa inayoitwa Brassicaceae. Zamani jamaa hiyo iliitwa Cruciferae, maana yake "wenye kubeba msalaba", kwa sababu ua lake lina petali ine zinazokaa kama msalaba. Asiyeamini aende kuangalia ua la radi iliyoachwa kuzeeka katika shamba. Ataona petali ine, wala tatu wala tano.

Jamaa hiyo ina radi, naveti, haradali, kolza na ile shu ya Kichina ambayo pale soko wanaiita shu de shine. Lakini poro na seleri, hata kama zinakaa na shu katika kitunga kimoja, si ndugu zake kabisa.

Ndugu mmoja tunamjua toka masomo ya siku ya Mungu: haradali, ambayo Bwana Yesu alitoa mfano wa mbegu yake ndogo. Wengi wanafikiri ilikuwa haradali nyeusi, Brassica nigra. Hiyo ni binamu ya shu.

2. MMEA MMOJA, MBOGA SITA

Hili ndilo jambo lililotushangaza kupita yote. Shu, shufleri, brokoli, shu ndogo za Bruxelles, kolrabi, na ile mboga ya majani ambayo Kenya na Tanzania wanaiita sukuma wiki, zote sita ni Brassica oleracea. Si mimea sita. Ni mmoja! Kila moja ina kromosomu 18, na maua yao yakikaribiana nyuki wanachanganya chavua, kisha mbegu inazaa machotara.

Namna gani mmea mmoja uwe na sura sita? Chukueni kisu, mkate shu kati kwa kati toka juu mpaka chini. Mtaona shina fupi nyeupe katikati, na majani yamepangana juu yake. Mkiangalia vizuri, mtaona katika kwapa la kila jani kichipukizi kidogo sana. Kila mmea wa jamii hii una sehemu hizo: shina, majani, chipukizi la juu, vichipukizi vya kwapani, na maua. Sasa, kila mboga ni sehemu moja iliyokuzwa kupita zingine:

a) Sukuma wiki ni majani. Shina linapanda juu, majani yanabaki wazi, tunayavunja moja moja.

b) Shu ni chipukizi la juu. Shina limebaki fupi, majani hayakufunguka, yamefungana yakawa kichwa.

c) Shu za Bruxelles ni vichipukizi vya kwapani. Kila kimoja kimekuwa kashu kadogo, makumi kwa makumi juu ya shina moja refu. Jina lilitoka kwa mji mkuu wa Ubelgiji.

d) Kolrabi ni shina. Limevimba kama mpira juu ya udongo.

e) Brokoli ni vichwa vya maua ambayo hayajafunguka. Mkichelewa kukata, yanafunguka na kuwa manjano.

f) Shufleri ni jambo la ajabu. Mmea unaanza kutengeneza ua, haumalizi, unaanza lingine, haumalizi, na hivyo mara elfu. Ile nyama nyeupe tunayokula ni maua yaliyokwama njiani. Mabadiliko katika jeni chache tu yanatosha kuleta hali hiyo.

Charles Darwin aliandika juu ya jambo hili katika kitabu chake cha mwaka 1868 kinachoeleza wanyama na mimea ya kufugwa. Aliona kwamba majani ya mashu yanatofautiana sana, lakini maua na mbegu zao zinafanana. Sababu ni nini? Mkulima alichagua kile alichokula, hakuangalia kile asichokula. Hata leo ukichanganya katika mkono mbegu ya shu na ya brokoli, hakuna atakayeweza kuzitenga kwa macho.

3. NANI ALIITENGENEZA?

Shu ya porini haina kichwa. Ni majani manene tu, machungu kidogo, yanayoota kwenye miamba karibu na bahari. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2021 ulionyesha kwamba ndugu wa porini aliye karibu zaidi na shu ya shamba ni Brassica cretica, mmea wa upande wa mashariki wa bahari ya Mediterania. Basi huko njo tunaweza kutafuta mwanzo wake.

Theophrastus wa Uyunani aliandika juu ya aina za shu miaka karibu 300 kabla ya Kristo. Cato wa Roma, katika kitabu chake cha kilimo cha miaka karibu 160 kabla ya Kristo, aliisifu kama dawa ya kila kitu. Shu yenye kichwa kigumu ilijulikana Ulaya katika Enzi za Kati. Hawakuwa na maabara wala hadubini. Walikuwa na macho, na mfuko wa mbegu. Mwanamke mmoja aliona shina lililonenepa, akaweka mbegu yake. Jirani aliona majani yaliyofungana, akaweka ile. Watoto wao walifanya vile vile, miaka mia kwa mia.

Tukumbuke neno hilo: kula peke yake hakubadilishi mmea. Anayeubadilisha ni yule anayeamua mbegu gani iende udongoni tena.

4. SASA, JUU YA NINI YETU ILIKATAA?

Shu ni mmea wa miaka miwili. Kwao Ulaya, mwaka wa kwanza inakula, inanenepa, inaweka akiba yake katika kichwa. Kisha baridi kali ya majira inafika. Baada ya baridi, shina linapasua kichwa, linapanda juu kama mkuki, linatoa maua ya manjano, kisha maganda membamba yenye mbegu. Halafu mmea unakufa.

Baridi hiyo si mateso tu. Ni saa. Ndani ya mmea kuna jeni inayoitwa FLC, kazi yake ni kukataza maua. Baridi ikishuka chini ya digri 10 hivi, na ikikaa majuma sita, nane, kumi, jeni hiyo inanyamazishwa pole pole. Mmea unajua: "majira ya baridi yamepita, sasa nizae." Kama baridi haikudumu, mmea unafikiri bado ni mwaka wa kwanza.

Sisi tuko Kivu, karibu na mustari wa ikweta. Ni kweli usiku tunatetemeka, juu ya ziwa letu liko meta karibu 1,460 juu ya bahari na milima inapita hapo sana. Lakini usiku mmoja wa baridi si majira ya baridi. Kesho saa sita jua linapiga na hesabu ya mmea inaanza upya. Mashu yetu kumi na mbili yalikuwa yanangoja, sawa na sisi. Sisi tulingoja maua, na yenyewe yalingoja baridi.

Kuna sababu zingine mbili. Hata kama maua yangetoka, kazi isingekwisha.

Ya kwanza: ua la shu kwa kawaida halipokei chavua ya mmea wake mwenyewe. Lina jeni za kutambua: "huyu ni mimi," na linamfungia mlango. Lazima mmea mwingine, wenye jeni tofauti za utambuzi, na lazima nyuki.

Ya pili: kopo letu lilikuwa na alama F1. Ninyi wa madarasa ya chini mtakutana na alama hiyo katika somo la Mendel, yule mtawa aliyetangaza majaribio yake ya njegere mwaka 1866. F1 ni watoto wa kwanza wa wazazi wawili tofauti ambao wameteuliwa. Watoto hao wote wanafanana, wana nguvu, vichwa vinakomaa pamoja. Lakini wajukuu, ndio F2, wanagawana urithi kila mtu kwa namna yake. Mmoja anafunga kichwa, mwingine anafunga kidogo, mwingine ni majani tu. Tungeweza kupata mbegu nyingi na shamba la fujo.

Basi mama wa soko hakutudanganya. Aliuza mbegu ya kula, na ilikulika. Kosa lilikuwa kwetu.

5. HESABU YA BWANA U

Katika kutafuta tulikutana na mtu mmoja ambaye jina lake lina herufi moja tu: U. Alizaliwa Tokyo mwaka 1898, baba yake Mkorea, mama yake Mjapani. Kijapani aliitwa U Nagaharu, Kikorea Woo Jang-choon. Mwaka 1935 alitangaza hesabu ambayo hata mtoto wa darasa la kwanza anaweza kuifanya. Alichukua idadi ya kromosomu zinazoingia katika chavua au katika yai, ndiyo nusu ya jumla:

Haradali nyeusi (Brassica nigra): 8
Shu na ndugu zake (Brassica oleracea): 9
Shu ya Kichina na naveti (Brassica rapa): 10

Kisha aliangalia mimea mitatu mingine:

Brassica carinata, haradali ya Ethiopia: 17
Brassica juncea, haradali ya Asia: 18
Brassica napus, kolza ya mafuta: 19

Mmeona? 8 na 9 ni 17. 8 na 10 ni 18. 9 na 10 ni 19. Ile mitatu ya pili ni watoto wa ile mitatu ya kwanza, na kila mtoto alibeba urithi kamili wa wazazi wote wawili. Wataalamu wanaipanga katika pembe tatu, na mpaka leo inaitwa pembe tatu ya U.

Kabla yake kidogo, katika miaka ya 1920, Mrusi Georgii Karpechenko alioza radi na shu. Zote mbili zina 9. Mtoto alikuwa na 18, lakini kwanza alikuwa tasa, kwa sababu kromosomu za radi hazikupata mwenzi katika zile za shu. Baadaye zilipatikana mbegu chache zenye kromosomu 36, ambamo kila kromosomu ilikuwa na mwenzi wake, na hizo zilizaa. Watu wanapenda kusimulia kwamba alitamani kichwa cha shu juu na radi chini, akapata majani ya radi na mizizi ya shu. Tunacheka, lakini mwisho wake si wa kuchekesha. Aliuawa kwa risasi mwaka 1941 chini ya utawala wa Stalin, na mkubwa wake Nikolai Vavilov, aliyezunguka dunia kukusanya mbegu, alikufa gerezani mwaka 1943.

Turudi kwa Bwana U. Korea ilipopata uhuru mwaka 1945 ilikuwa imezoea kupata mbegu za mboga kutoka Japani. Mlango ukafungwa. Taifa lenye kula shu ya kuchachusha kila siku, ile wanayoita kimchi, likakosa mbegu ya shu! Mwaka 1950 Bwana U alihamia Korea, ambako hakuwa amezaliwa, akafundisha vijana kutengeneza mbegu nzuri za shu ya Kichina na za radi katika nchi yenyewe. Alifanya kazi hiyo mpaka kufa kwake mwaka 1959. Sisi katika kamati tuliposoma habari hizo tulinyamaza kidogo. Tuliona kwamba swali letu la kopo la mbegu halikuwa la kipumbavu. Tulikosea njia, hatukukosea swali.

6. SHU INATUMIKA KWA NINI?

Chakula. Shu mbichi ni maji kwa sehemu 92 katika 100. Msicheke. Katika gramu 100 kuna vitamini C karibu mg 36, na mtu mzima anahitaji mg 45 hivi kwa siku. Lakini vitamini hiyo inaogopa moto na inakimbilia katika maji ya kupikia. Mwenye kuchemsha shu saa nzima kisha kumwaga maji, amemwaga vitamini.

Ile harufu tunayoisikia wote toka jikoni kabla kengele kulia, inatoka kwa salfa. Ndani ya majani kuna vitu vinaitwa glukosinolati, na mahali pengine pake kuna enzima. Kisu au meno vikivunja jani, viwili hivyo vinakutana, na ukali unazaliwa. Ndio silaha ya mmea juu ya wadudu. Shu ikipikwa muda mrefu, vitu vya salfa vinaharibika na harufu inazidi. Wapishi wetu watusamehe: dakika chache zinatosha!

Kuweka akiba. Shu ikiwa nyingi soko na bei imeanguka, iko namna ya kuiweka. Katakata shu nyembamba, weka chumvi gramu 20 mpaka 25 kwa kilo moja, sugua mpaka itoe maji, shindilia katika chombo safi, weka jiwe lililooshwa vizuri juu yake ili shu yote ibaki chini ya maji yake, funika. Bakteria za maziwa machungu zinafanya kazi, na baada ya majuma mawili mpaka ine ni chachu na haiozi. Mwaka 1768 nahodha James Cook wa Uingereza aliposafiri kwenda Pasifiki, alibeba shu ya namna hii kulinda mabaharia wake na kiseyeye.

Fimbo! Katika kisiwa cha Jersey kuna aina ya shu ambayo shina lake linapanda meta tatu. Wanalikausha, wanalipaka vanishi, wazee wanatembea nalo.

Onyo. Mwaka 1928, madaktari wa Baltimore, Marekani, waliona kwamba sungura wao waliolishwa shu wamevimba tezi la shingo. Shu na ndugu zake wana vitu vinavyozuia tezi hilo kutumia iyodini vizuri. Sisi wa Kivu tunaijua taabu hiyo kwa njia nyingine: katika kisiwa cha Idjwi madaktari walichunguza uvimbe wa shingo tangu miaka ya 1960, na waliona upungufu wa iyodini pamoja na muhogo ambao haukutengenezwa vizuri. Hatusemi muache shu. Mtu si sungura, hali shu peke yake asubuhi na jioni. Tunasema: pikeni kwa chumvi yenye iyodini, na muhogo uloweshwe siku zake zote.

Magonjwa. Doa la manjano lenye sura ya herufi V, linaloanzia ukingo wa jani na mishipa yake nyeusi, ni ugonjwa wa bakteria Xanthomonas. Unasafiri ndani ya mbegu. Mizizi iliyovimba kama ngumi ni ugonjwa wa udongo wenye asidi. Kwa yote mawili, dawa ya kwanza ni kutopanda shu, radi wala shu ya Kichina mahali pale pale mpaka miaka kadhaa ipite. Pandeni maharagi au mahindi. Na wenye kupulizia dawa kila juma wajue: yule nondo mdogo wa shu, Plutella xylostella, alionekana katika Java kuwa amezoea DDT, habari iliyoandikwa mwaka 1953. Dawa inayorudiwa bila akili inachagua wadudu wenye nguvu, sawa vile mkulima anavyochagua mbegu.

7. MWIZI ALITUFUNDISHA

Sasa mwisho wa hadithi. Katika mwezi wa tano, usiku mmoja, mtu alikuja akakata moja ya mashu yetu kumi na mbili. Hatukumjua mpaka leo, na tunamwombea. Aliacha kisiki. Tulikasirika sana, tukakisahau.

Baada ya majuma matatu, kisiki kile kilikuwa kimetoa vichipukizi vitano. Ni vile vya kwapani, tulivyoviona kwa kisu! Kichwa kilipoondoka, vilipata ruhusa ya kukua. Mwalimu alituambia tuvivunje vikiwa na urefu wa kidole, pamoja na kipande kidogo cha shina, tuvipande kivulini katika udongo wenye unyevu. Vine viliota mizizi. Vitatu vilifunga vichwa, vidogo kuliko vya mama yao, lakini vigumu na vitamu. Havikuhitaji ua, wala nyuki, wala baridi. Na kwa kuwa ni kipande cha mmea ule ule, F1 ilibaki F1.

Hiyo haitoshi kuacha kununua kopo. Visiki vikirudiwa mara nyingi vinakusanya magonjwa, kwa hiyo lazima kuchagua vile vilivyo safi. Lakini tuliamua mambo matatu kwa mwaka huu:

Moja, baada ya kuvuna, visiki vizuri visingolewe. Viachwe vitoe vichipukizi.

Mbili, tupande tuta moja la sukuma wiki, ambayo inaongezwa kwa vichipukizi vivyo hivyo, na inavunwa majani miezi mingi.

Tatu, tupande haradali ya Ethiopia na shu ya Kichina kwa kujizoeza kutunza mbegu. Hizo mbili zinatoa maua hapa kwetu bila kungoja baridi ya Ulaya. Na haradali ile yenye 17 ni mboga ya milima ya Afrika. Wakulima wa Ethiopia waliichagua zamani sana, wakaitunza mpaka leo.

Tulishuka tena soko. Tulibeba mojawapo ya vile vichwa vitatu, tukampa yule mama, tukaomba msamaha mbele ya majirani zake, kwa sababu mbele yao ndipo tulimtukana. Aligeuza shu mkononi, akauliza imetoka katika kopo gani. Tulimweleza. Alicheka mpaka akakaa chini, kisha akasema: "Basi muniletee na mie hivyo vitoto vyake." Tulimpelekea sita.

Vichipukizi vingine viko. Wanafunzi wanaokaa inje, ambao wazazi wao wanalima, waje shambani siku ya posho baada ya kazi za mikono, na kisu na kitunga. Ni bure. Na wewe wa darasa la pili uliyetuita wachungaji, njoo wa kwanza. Tumekuwekea kimoja.

Kwa kamati ya shamba, sisi wa darasa la sita.